Siku Trekta Lilipokula Sabuni

Nakiri mapema ili tusisumbuane: kile kitundu nilikiziba mimi. Jioni ile nilimwona mjomba akipaka sabuni ya mche kwenye mshono wa tangi la dizeli, pale linapovuja, nami nikajifanya fundi. Juu ya mfuniko wa tangi kulikuwa na kitundu kidogo, na mvua ilikuwa inanukia. Nikajiambia, maji yatapita humu. Nikaenda kuuchomoa mche wa mama aliouficha nyuma ya debe la unga, nikamega, nikakishindilia kitundu, nikalala usingizi wa mhandisi.

Mjomba huyu ni kaka yake mama. Trekta lake limebaki Nachingwea tangu enzi za wazungu waliokuja kulima karanga, limezeeka mpaka kutu ndiyo rangi yake. Lilikuja kwetu Chiola kwa siku moja tu, kulima shamba la mama la ufuta. Kesho yake lilikuwa linasubiriwa Mbekenyera, na likishaenda huko hulioni tena mpaka msimu uishe. Hapo mama angebaki na jembe la mkono na mgongo wake, ambao tangu mwaka jana hautaki utani.

Asubuhi likawaka kwa kishindo, likalima mistari miwili safi kabisa, likakohoa, likazima.

"Pampu hiyo," mjomba akasema.

Akaifungua pampu ya dizeli, akatoa raba ya ndani, akaiinua juani kama daktari anayetazama picha ya mapafu. Nzima. Akairudisha. Akafungua tangi, akachungulia: mafuta tele. Akafunga, akatoa upepo kwenye mabomba, akawasha. Likanguruma! Mistari miwili, kikohozi, kimya.

Mara ya tatu nikaona jambo: kila tukishafungua tangi kuchungulia, linawaka. Mwenye akili angefikiri hapo. Mimi nikatania.

"Anko, hili linataka kupigiwa hodi kwanza."

"Nyamaza, lete spana."

Jirani yetu, mtani wa ukoo, alikuwa ameegemea baiskeli mpakani, anakula muwa. "Shemeji!" akamwita mjomba. "Nikuazime jembe? La kwangu halina pampu."

"La kwako halina hata mpini, ndiyo maana umekuja kushangaa la wenzio!"

Tukacheka wote, mjomba akiwa na dizeli mpaka kwenye nyusi. Mama tu hakucheka. Alikuwa anatazama jua, halafu shamba, halafu jua.

Adhuhuri akatuletea ugali. Akawa amesimama ubavuni mwa tangi mjomba alipofungua mfuniko tena. *Fyuuu!*

"Kaka, nani anavuta pumzi humo?"

Mjomba akaganda. Akaupindua mfuniko, akachukua njiti ya kiberiti, akachokoa. Kikadondoka kidonge cha buluu. "Tangi lilikuwa halipati hewa! Dizeli itashukaje?"

Mama akakiokota, akakinusa. Sabuni yake anaijua. Kisha wote wawili, na jirani na muwa wake, wakanigeukia mimi.

"Masikini pampu," jirani akasema. "Imevuliwa nguo hadharani mchana kweupe, na kosa si lake."

Nikatazama njia ya kukimbilia. Lakini mjomba alikuwa ameshawasha, na safari hii halikukohoa hata mara moja. Mstari baada ya mstari, udongo mweusi ukipinduka, jirani akicheza ngoma nyuma yake kwa kupiga kengele ya baiskeli. Jua lilipogusa mikorosho, shamba lote lilikuwa limelimwa. Mama akavua kandambili, akatembea juu ya udongo laini kutoka mwanzo hadi mwisho, anacheka peke yake.

Nikadhani nimesamehewa. Akarudi, akanibebesha ovaroli la mjomba lililolowa dizeli, akaweka juu yake mche wa sabuni uliomegwa, akasema:

"Haya, fundi. Anza na hilo, umalizie na mashuka. Na sabuni yangu nikiikuta imepungua, msimu ujao plau tunakufunga wewe."