Mwizi ya Mboga

Nianze na ile haya kubwa, tumalizane nayo: mi, baba ya watoto, na mukanda yangu kiunoni, nilikojoa juu ya pikipiki ya rafiki yangu. Alikuwa ananitoa ku soko kunirudisha kwetu Rwambuzi. Nilikuwa nimebana mukojo tangu mbali. Tukaingia mu shimo moja tu, basi, yote ikatoka.

Rafiki akasimamisha pikipiki. "Ndugu, tanki yangu inavuja essence?"

"Hapana," nikasema. "Ni yangu."

Hakucheka. Akageuza pikipiki, akanipeleka kwa muganga, ku hospitali.

Mi ni fundi ya kushona. Masomo iliniacha katikati ya secondaire, ao mi njo niliiacha, hatujapatana bado. Macho na vidole njo diplome yangu. Sasa macho ilikuwa inanikimbia: uzi naelekeza ku tundu ya sindano, inapita pembeni. Nilijua niko na ugonjwa ya sukari, njo ilikuwa inanikojoza kila saa; walishaniambia, wakanipa na vidonge. Na nilikuwa najivuna namna navyoipiganisha: chai bila sukari, na bugali ya muhogo ya uchungu, sahani mupaka juu. Niliwaza, uchungu itafukuza sukari, kama vile paka anafukuza panya.

Infirmière, muuguzi ya pale, akanitoboa kidole, akaangalia kimashini yake, akauliza nakula nini. Nikamuelezea ile akili yangu yote. Alicheka mupaka akashika meza.

"Papa, uchungu inasikika ku ulimi. Damu haina ulimi!"

Akaniambia kuko kitu inaitwa index glycémique: inaonesha chakula inageuka sukari mu damu mbio namna gani. Mukate nyeupe inakimbia. Bugali yangu pia, sana sana ile mulima nilikuwa nakula. Maharagi inatembea polepole. "Vidonge usiache. Anza na maharagi na mboga, bugali ikuwe kidogo, kama ngumi yako. Ukiendelea hivi, hata shati yenye uko unashona hautaiona tena."

Ile neno iliniingia. Lakini kwetu, kula mboga bila bugali ni wizi. Mama yangu alikuwa ananipiga mwiko ku vidole: "Mboga ni ya kusindikiza bugali!" Na saa sita, mi na rafiki tunakula mu sahani moja, pale ku mashini yangu ya kushona. Nitamuambia nini? Nikafanya ujanja: nakata tonge ya bugali, naviringa vizuri, naiangusha chini ya mashini. Kuku ya jirani alinenepa, akaacha hata kutafuta wadudu. Mi nabaki nachovya vidole mu maharagi kidogo kidogo, kwa haya, na njaa inanikamata mbele hata jua haijashuka.

Siku moja tonge ikaanguka ku kiatu ya rafiki. Akaangalia tonge, akaangalia kuku, akaniangalia. Nikamuambia yote: bugali, maharagi, macho.

Rafiki akavuta bugali yote upande yake, na bakuli ya maharagi akaisukuma mbele yangu.

"Weye ndugu! Pikipiki yangu uliikojolea bila kuogopa, sasa ni mboga njo unaogopa? Kula, mwizi. Hiyo macho ipone mbio, unishonee kiti mupya ya pikipiki."