Mtume Aliyetokea Nachingwea

Mwalimu Klementi alifundisha dini miaka kumi na minne katika kigango kimoja cha milimani, mwendo wa nusu siku kutoka misheni ya Kipatimu, na habari za mitume hazikumsumbua hata siku moja.

"Walikuwa kumi na wawili, nafasi zikajaa, basi," aliwaambia wanafunzi wake. "Leo tunao maaskofu. Manabii nao walikwisha zamani. Haya, anayefuata?"

Aliyefuata akawa Nikodemo.

Hawa wawili waliingia jando moja, wakabatizwa siku moja, na hata aliyekwenda kumposea Klementi mkewe Romana ni huyo huyo Nikodemo. Mwingereza alipoanza mambo yake ya karanga kule Nachingwea, Nikodemo akaenda kung'oa visiki. Karanga zenyewe, kila mtu anajua mradi ulivyokufa. Lakini mwenzetu hakurudi mikono mitupu. Alirudi na kanzu nyeupe, fimbo, na habari kwamba Roho amemshukia pembeni mwa trekta, akamfanya mtume.

"Wa kumi na tatu?" Klementi akacheka.

"Paulo alikuwa wa ngapi, ndugu yangu?"

Klementi akakohoa. Kweli, Paulo hakuwa amemhesabu.

Mzee Pazi, jirani yao Mwislamu, aliposikia alicheka mpaka kofia ikamdondoka. "Kwetu sisi mlango huo ulishafungwa. Kumbe nyie wenzetu bado mnaandikisha?"

Utume au si utume, rafiki ni rafiki. Klementi akampa chumba. Alhamisi moja mchana, wako juu ya dungu wanafukuza nyani wasile mpunga, akamfungulia moyo. Akamwambia neno ambalo hata padre kwenye kitubio hakulisikia: mwaka uliopita nguruwe walipommalizia mpunga, alimwendea Mzee Pazi, akapewa chupa ya dawa ya kulinda shamba, akaifukia. Dawa ilikuwa ya nguruwe, nyani haikuwahusu.

"Likijulikana hili, kazi sina," alisema. "Kuna mwenzangu aliondolewa kwa hirizi ya mtoto tu."

Nikodemo akamshika bega. "Limeishia hapa hapa dunguni."

Jumapili, sala zilipokwisha, Nikodemo akaomba awaombee watu. Klementi mwenyewe akampisha mbele. "Ombea tu, usihubiri."

Mtume akafumba macho, akatetemeka kama mwenye homa.

"Naonyeshwa shamba la mpunga! Kona ya chini, penye mgomba! Naiona chupa, imefungwa kitambaa chekundu! Na mwenye shamba yumo humu ndani, ndiye anayewafundisha dini!"

Klementi akajisemea moyoni: Hata kitambaa hakukisahau, mshenzi yule!

Akikataa, watakwenda kufukua. Akinyamaza, huyu ameshakuwa nabii. Akasimama.

"Chupa ipo. Ni yangu. Lakini hakuna Roho aliyemwonyesha. Nimemwambia mimi, kwa mdomo wangu huu, Alhamisi, tukifukuza nyani."

Kisha mama mmoja huko nyuma akauliza, "Na aliyekufungua huo mdomo ukamwambia ni nani, kama si Roho?"

Vigelegele vikapaa mpaka kwenye makuti.

Barua ya padre ilifika Jumatano: Klementi asifundishe tena. Jioni yake Nikodemo akaja, na kanzu yake, akasimama uani.

"Ndugu yangu, usinichukie. Kwa neno dogo wasingeniamini. Na kubwa nililokuwa nalo ni lako tu."

Klementi mkono hakumpa. Alimtazama tu, kama anatafuta ndani ya ile kanzu yule mtu aliyelala naye jandoni.

"Basi, tutaonana Jumapili," Nikodemo akasema, akashika njia.

Romana alikuwa anatwanga. Mchi ukasimama.

"Baba Rosa, Jumapili huyu ataonyeshwa nini tena?"

"Nitajuaje?"

"Lile langu la kwenda kula maulidi kwa dada Mwahija, nikamwambia padre nilikuwa naumwa. Hilo nalo ulimwambia?"

Klementi akaangalia miguu yake. "Tulikuwa tunazungumza tu, mama..."

"Kumbe nabii mwingine nalala naye ndani!"

Akakaza khanga kiunoni, akatoka na mchi mkononi, mbio mbio, kwa njia ile ile aliyopita mtume.