Orodha ya Kubaki na Kuondoka

Kompyuta ya kwanza kuletwa ofisini kwetu Dodoma ilifunikwa kitambaa cha kufuma, kama makochi ya bibi harusi, na bosi wetu nusura aiwekee mlinzi. Ilikuwa miaka ile ya kupunguza watumishi, kila mwezi tunasikia ofisi fulani imepitiwa. Taipisti tulikuwa wawili. Mwenzangu alikuwa mama mtu mzima, mwenyeji wa Busi, mkoani humo humo, ndiye aliyenifundisha kazi nilipoingia nikiwa sijui hata kubadilisha utepe wa taipureta.

Alinifundisha kupanga jedwali kwa kuhesabu nafasi. Kwenye taipureta herufi zote zina upana mmoja, ukihesabu vizuri safu zinanyooka. Kompyuta ilipokuja hakuna aliyetuambia kwamba ina njia yake ya kupanga safu. Tukaendelea kuhesabu, na wenzetu wa makao makuu Dar es Salaam nao walihesabu vilevile.

Tukifungua kazi iliyoletwa kwa diski kutoka Dar, kilitokea kidirisha cha Kiingereza kutuonya kwamba fonti iliyotumika, yaani aina ya herufi zenye upana mmoja kama za taipureta, haimo kwenye kompyuta yetu, itawekwa nyingine badala yake. Mara ya kwanza nilimwita bosi. Alisoma, akakunja uso kama anayeelewa, akaniambia nibonyeze OK. Mara ya pili hata hakuinuka kitini. Tukazoea kulifukuza lile onyo kama nzi.

Kisha ikaja diski yenye orodha ya ofisi yetu. Kila jina lilikuwa na alama ya X, ama chini ya neno BAKI, ama chini ya ONDOKA. Bosi alisimama nyuma yangu. Onyo likatokea, nikasita.

"Bosi, fonti hii hatuna. Safu zitahama."

"Bonyeza OK. Watu wanasubiri barua."

Nikabonyeza, nikachapa. Majina marefu yalikuwa yamesukuma alama zao kulia, mafupi yamezivuta kushoto, na nyingine zilining'inia katikati. Nikamwomba tupige simu Dar tuulize. Akasema orodha imetoka juu na sisi wa chini hatuna cha kuuliza. Akachukua rula na penseli, akaanza kupima kila alama iko karibu na neno lipi. Mimi namchukia mpaka leo kwa rula ile.

Yule mama alikuwa na jina refu, la kwake na la marehemu mumewe. Langu ni fupi. Rula ikamtoa yeye, ikaniacha mimi. Alipewa barua wakati wa chai ya saa nne. Hakulia. Aliosha kikombe chake, akakifunga kwenye khanga, akaaga ofisi nzima kwa mkono.

Kesho yake bosi alikuwa kikaoni. Nikafungua diski, nikahesabu nafasi moja moja kama nilivyofundishwa. Alama ya yule mama ilikuwa chini ya BAKI. Nikarudia mara tatu. Halafu nikahesabu ya kwangu. ONDOKA. Na ilikuwa haki, maana mimi ndiye niliyeingia kazini mwisho.

Kule Nzuguni nilikuwa najenga vyumba viwili, vimefika usawa wa lenta juu ya madirisha, havina bati. Nikafunga diski. Nikajiambia nitasema kesho, kesho ikawa wiki, na dereva akairudisha diski Dar. Baadaye alikuja fundi akatuwekea zile fonti. Alimaliza kabla chai yake haijapoa.

Msimu wa zabibu nilikutana na yule mama sokoni. Alikuwa anavuna kwa kibarua mashambani Makutupora, na vidole vile vilivyokuwa vinapiga taipu bila kutazama vilikuwa vimechanikachanika. Nikamwamkia shikamoo huku nimeinama kuliko inavyohitajika. Akaitika marahaba, akanishika mkono, hakuuachia.

"Mwanangu, niliposikia wewe umebaki, moyo wangu ulitulia. Kama ilikuwa lazima mmoja wetu atoke, afadhali mimi."

Bado nilikuwa na nafasi ya kusema. Yeye alikuwa hai, mbele yangu, na hapakuwa na bosi wa kumsingizia. Nikamwambia, "Asante, mama," nikarudi ofisini kukalia kiti chake.