Nywila ya Mama Ilipoisha Muda

Niliandika MaharageYanaungua1 kuwa nywila mpya ya mama yangu, nikabonyeza kukubali, nikacheka mpaka nikashika mbavu. Naanza na hilo usije ukadhani mimi ni mtu wa maana.

Mama anakaa mapokezi kwenye hospitali moja hapa Shinyanga. Mwaka huu waliletewa sheria: kila miezi mitatu nywila inaisha muda, unaweka nyingine, na ya zamani hairudi, hata ukiiongezea namba. Mama aliahirisha wee, mpaka Jumapili mfumo ukamwambia leo ndiyo mwisho. Akafungua kompyuta ya kazini mezani kwetu. Akaingia kwa ile ya zamani, kisha ilipotakiwa mpya akaandika ileile. Ikakataliwa. Akaiongezea namba. Ikakataliwa.

"Mama, hiyo siyo mbuzi, haibembelezwi."

"Hebu nyamaza wewe!"

Harufu ya kuungua ikatoka jikoni, akakimbilia chungu. Ndipo nikaandika upuuzi wangu.

Aliporudi nikamsomea kwa sauti ya mtangazaji wa mpira. Hakucheka.

"Rudisha yangu."

"Hairudi. Kwani ilikuwa ya dhahabu?"

Akanisogeza, akafungua ukurasa mtupu, akaiandika kwa kidole kimoja nione. Lilikuwa jina la kaka.

Kaka alifukiwa na duara, shimo la wachimbaji wadogo, huko Geita mwaka juzi. Yeye ndiye alikuwa wa kwanza, kwa hiyo sokoni, kanisani na kazini mama aliitwa Mama wa jina lake. Baada ya msiba watu wakamwonea huruma, wakahamia kwangu. Hakuna aliyetangaza, walianza tu kumwita kwa jina langu. Nami, bwege, nikajiona nimepandishwa cheo, nikawa natembea kifua mbele mtaani. Hata nyumbani tuliacha kulitaja lile jingine.

Nikavuta kompyuta nijaribu. Nikaligeuza jina, nikachanganya herufi kubwa na ndogo, nikabandika alama zote za kwenye vitufe. Kila mara maandishi mekundu: inafanana na ya zamani. Utani wote ukaniishia mdomoni.

Mama akaifunga kompyuta taratibu.

"Ng'wanawane, mwanangu," akasema, "wewe wanakuita kila siku. Yeye nilibaki kumwita mimi tu, asubuhi, kabla wagonjwa hawajaingia. Sasa nimwite wapi?"