Asubuhi ya Kupuliza

Hospitali nzima ilimwita Mama Puliza, na haki yake. Miaka yote ya kazi aliimaliza katika chumba kidogo mwisho wa korido, akiwaamuru watu wazima na ndevu zao wapulize kwenye mrija. "Polepole, baba! Huzimi mshumaa hapa!"

Kipimo chenyewe ni hiki: unakunywa maji yenye sukari ya maziwa. Tumbo likishindwa kuisaga, vijidudu vya utumbo huila, hewa yake hupita kwenye damu hadi mapafuni, na mashine huikuta kwenye pumzi.

Sasa amestaafu. Katika wagonjwa wote hao, anayemkumbuka kila uchao ni mama yake mzazi.

Mama alianza kulalamikia tumbo: linajaa, linanguruma. Mtafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Marehemu baba alianza hivyohivyo, wakamzika mwaka uleule. Mama Puliza akamtaka aje kupimwa haraka. Na ukweli usemwe, enzi hizo alikuwa mtu wa mbio. Kwa mama yake alipita tu, mguu mmoja ndani, mmoja nje, akaaga kabla hajakaribishwa kiti.

Mama alikuja na njaa kama alivyoagizwa, amevaa gauni lake la kwendea harusini. Akanywa, akapuliza. Kisha kusubiri, kupuliza, kusubiri tena; kazi ya asubuhi nzima, na mpimaji habanduki. Basi wakapiga soga. Wakamkumbuka mbuzi aliyetafuna sare ya shule, na baba aliyeimba bafuni akidhani hasikiki. Jamani, walicheka! Mama akakosa hata pumzi ya kupuliza, ikabidi wangoje atulie.

Kufikia adhuhuri namba za mashine zilikuwa zimepanda sana. Mama Puliza akamshukuru Mungu kwa sauti.

"Mama, ni maziwa tu! Yaache, tumbo litatulia."

"Najua, mwanangu. Nikinywa chai ya rangi sipati shida."

"Unajua? Tangu lini?"

"Zamani."

"Sasa mbona umekubali kushinda na njaa, unapulizishwa mrija?"

Mama akatazama kiti cha mwanawe, kilichosogezwa karibu na chake.

"Nyumbani hukai."

Mama Puliza akaangua kilio palepale, na koti lake jeupe. Mama akamfuta machozi kwa kiganja, akamwacha alie, kisha akauliza kama kipimo hicho hurudiwa.