Sponji ya Kijani ya Ami Makame

Boksi likiungua lina harufu yake, si ya kuni wala ya karatasi. Inaanza na gundi, kama uji ulioshika chini ya sufuria, halafu inakukamata koo. Wiki iliyopita jirani yangu aliamua kuchoma maboksi yake uani, akajiwekea kiti na muziki. Mimi nilikuwa naanua nguo. Niliziacha kambani, nikaingia ndani, nikabamiza dirisha kama vile mtu wa watu kanitukania mama. Maskini, hakunikosea kitu. Mimi na harufu hiyo ndio tuna kesi yetu ya zamani, na leo nataka niitoe moyoni, maana nimechoka kuibeba peke yangu.

Nilikuwa na miaka kumi. Tulikaa Rexdale, pembeni ya Toronto, ghorofa ya kumi na moja, na Baba alifanya kazi ghalani karibu na uwanja wa ndege, akirudi jioni kwa basi la barabara ya Kipling mgongo ukimuuma. Sisi ni watu wa Makunduchi, kusini ya Unguja, na Mmakunduchi hata umpeleke mwezini atauliza Mwaka Kogwa lini. Kama hujawahi kuuona, ni mwaka wetu wa jadi, unaingia Julai. Wanaume wanajigawa pande mbili wanapigana kwa mabua ya migomba. Unapiga, unapigwa, kinyongo chote cha mwaka uliopita kinatoka, na ukishapigwa huna ruhusa ya kununa tena. Kisha kunajengwa kibanda cha makuti, mtu anaingia ndani, kinatiwa moto, anachoropoka mbio, na watu wanatazama moshi unakwenda wapi, wajue mwaka utakuwaje. Siku hiyo kila nyumba inataka mgeni, na mgeni hafukuzwi.

Sasa Toronto mgomba utautoa wapi? Mwanzilishi wa jambo letu alikuwa Bi Pili, mama mnene mwenye sauti ya kengele aliyekuwa akihudumia wazee kwenye nyumba ya kulelea. Yeye ndiye aliyekwenda kwenye duka la vitu rahisi akarudi na sponji, zile ndefu za mviringo kama mwanzi ambazo watoto wanaelea nazo kwenye bwawa la kuogelea. Alichagua za kijani tupu. "Mgomba rangi gani?" alituuliza. "Kijani. Basi nyamazeni." Makuti nayo hakuna, kwa hiyo kibanda kilijengwa kwa maboksi ya ghalani kwa Baba. Manispaa ilitoa kibali cha kuwasha moto kwenye duara la mawe tu, pale bustanini nyuma ya majumba yetu, kwa hiyo kibanda chenyewe kilinifika kiunoni. Mtu haingii. Tukaingiza kofia ya mzee mmoja badala ya mtu, na kazi ya kuichomoa kwa fimbo kabla haijaungua ikapiganiwa na watoto kama zawadi ya Idi.

Mimi mwaka ule kofia sikuitaka. Nilimtaka Ami Makame.

Ami Makame ni kaka yake Baba, kaka wa tumbo moja, aliyetangulia Kanada na kumvuta Baba. Aliendesha teksi, akiishi peke yake Crescent Town, upande wa pili wa mji, na ikifika Jumamosi alikuwa kwetu. Kiswahili hiki ninachoandikia ni chake. Nikimjibu Kiingereza alijifanya kiziwi, anashika sikio, anamwambia Mama, "Shemeji, kuna inzi humu ndani? Nasikia kitu kinavuma." Mpaka niseme vizuri ndipo anageuka, "Ala! Kumbe ni Mize!" Basi tutacheka mpaka Mama atukaripie.

Halafu, nikiwa na miaka minane, Jumamosi moja hakuja. Wala iliyofuata. Nilipouliza, Baba aliniambia nisilitaje jina lile ndani ya nyumba yake. Mama ndiye aliyenieleza jikoni, kwa sauti ya chini, bomba likimwagika ili Baba asisikie. Bibi, mama yao, alifariki Makunduchi siku ya Jumatatu. Simu ilipigwa kwa Ami, kwa kuwa yeye ndiye mkubwa. Na Baba Alhamisi ile alikuwa na kikao chake cha kuomba ukimbizi, kile cha kuamua kama tutakaa au tutarudishwa. Ami akanyamaza. Siku tatu alikuja kwetu kila jioni, akala, akatania, akamsahihisha Baba maneno ya kumwambia hakimu, hali mama yake yuko kaburini. Alhamisi jioni, baada ya kikao, ndipo alipomkalisha Baba chini.

"Alinilia wali wangu akacheka na mimi," Baba alikuwa akisema. "Mama yangu udongoni, mie nacheka."

Kwamba hata angeambiwa yeye Baba asingeweza kwenda kuzika, kwa sababu hakuwa na karatasi hata ya kuvuka mpaka, hilo halikumwingia. Miaka miwili ikapita. Mama alinionya, "Ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime." Sawa, lakini ghorofa ya kumi na moja nitalima nini? Kiswahili changu kikaanza kukauka mdomoni. Nikapata akili ya kitoto: Mwaka Kogwa upo, sponji zipo. Wapigane yaishe.

Nikampigia simu Ami, Mama akiwa bafuni.

"Ami, Baba anasema uje Mwaka Kogwa."

"Baba yako kasema?"

"Kasema."

"Kwa mdomo wake?"

"Kwa mdomo wake."

Nikasikia anavuta kamasi. Halafu akacheka. "Mwambie nakuja. Mwambie namletea mgongo wangu, achague pa kupiga."

Jamani, mtoto muongo hana mfano wake. Nilikata simu nikaruka kitandani kwa furaha.

Siku yenyewe jua lilikuwa kali. Wanawake walijifunga kanga juu ya suruali za jinzi, wakazunguka bustani wakiimba mashairi ya matusi kidogo, na Wakanada waliokuwa wakitembeza mbwa wakapiga makofi bila kujua wanatukanwa wanaume wa aina zote. Pilau ilikuwa kwenye masufuria yaliyofungwa taulo. Watoto tuliogeshwa mwaka kwenye yale mabomba ya kurusha maji ya bustani. Wanaume wakaanza. Ukiwaona unacheka: mababa wazima, wengine na vitambi, wanachapana kwa sponji, pwa! pwa! huku wakitajana makosa. "Hii ya kunisahau kwenye harusi!" Pwa! "Na hii ya kuniita bahili!"

Ami akatokea upande wa maegesho. Alivaa shati jeupe lililopigwa pasi kama la Idi, mkono mmoja bati la visheti, mkono mmoja sponji yake ya kijani, mpya, lebo ya bei bado imening'inia. Sponji za watu zikashuka moja moja. Ami akaweka bati chini, akaenda moja kwa moja akasimama mbele ya Baba, akampa mgongo.

"Nipige, Haji. Nipige yaishe."

Baba alikuwa na sponji mkononi. Niliona vidole vyake vikiibana, nikasema moyoni, piga, Baba, piga. Baba akailaza sponji yake majanini, taratibu, kama mtu anayeweka kitu cha kuvunjika.

"Nani kakwita?" akauliza.

Ami akageuka. Hakumtazama Baba. Alinitazama mimi, niliyesimama karibu na maboksi na nguo zimelowa, na nadhani uso wangu ulimweleza yote. Nilijua sasa hivi atanitaja, na nilijua fimbo ya Baba ya nyumbani si ya sponji.

"Hakuniita mtu," Ami akasema. "Nimejileta."

"Basi jipeleke. Mie sina ugomvi na mtu nisiyemjua."

"Haji!" Bi Pili akapiga kelele. "Leo mgeni hafukuzwi, wee! Utaleta balaa!"

"Sijamfukuza. Bustani ya manispaa. Akae anapotaka." Sasa Baba ndiye akampa mgongo, lakini si kwa ajili ya kupigwa.

Ami alisimama pale kidogo. Akanipitia karibu, akanigusa kichwa, akaniambia polepole, "Usiwaambie. Mie na wewe tu." Akaondoka na sponji yake kwapani. Bati la visheti alilisahau au aliliacha, sijui.

Moto ukawashwa kwa kuwa kibali kilikuwa na saa zake. Maboksi yalishika haraka, harufu ile ikatukaba wote, na katika zogo hilo hakuna aliyekumbuka kofia ya mzee. Ikaungua. Moshi ukapanda ukaelekea barabarani, na Bi Pili, kwa sauti isiyokuwa na nguvu, akatangaza, "Umekwenda Kipling. Mwaka wa kazi." Watu wakajilazimisha kucheka. Mimi nililia, na walionibembeleza walidhani ni kwa ajili ya kofia.

Sikumwambia Baba. Hapo ningeweza kusema, "Ni mimi, Baba, nilimdanganya," na pengine hasira yake ingehamia kwangu, na Ami angebaki. Nilikuwa na miaka kumi, nikaogopa fimbo. Nimejisamehe kwa hilo, mara nyingi tu, na kila mara inabidi nianze upya.

Walikaa miaka kumi na miwili katika mji mmoja, treni ya chini na basi moja tu kati yao, bila salamu. Mimi nilipokuwa mkubwa nilikwenda Crescent Town kwa siri. Ami hakuwahi kunilaumu. Aliuliza tu, "Baba yako mgongo bado unamsumbua?" na akanipa dawa ya kuchulia, akaniambia niseme nimeinunua mwenyewe.

Kisha Baba akaugua moyo. Alilazwa, upasuaji umepangwa kesho yake asubuhi, na daktari katuambia asisumbuliwe na jambo lolote. Jioni ile ile nikapigiwa simu. Ami alikutwa amekufa kitandani kwake, na katika simu yake nambari ya kwanza ilikuwa yangu.

Mnajua nilichofanya. Ndiyo. Nilinyamaza. Kesho yake Baba akiwa kwenye upasuaji, mimi nilikuwa makaburini. Usiku wake nilikaa pembeni ya kitanda chake. Alipoanza kula nilimlisha uji, nikamsimulia vituko vya kazini, akacheka akishika kifua, nami nikacheka naye. Siku nne. Moja zaidi ya Ami.

Katikati ya siku hizo nilikwenda na Mama kukusanya vitu vya Ami. Havikuwa vingi. Nyuma ya mlango, palipotundikwa makoti yake ya baridi, ilisimama ile sponji ya kijani. Lebo ya bei bado ipo. Nilikaa chini sakafuni na koti lake mapajani, na Mama, alipoona ninachokitazama, akatoka nje.

Siku ya tano nilimwambia Baba. Nilikuwa nimejitayarisha. Nilitaka anifukuze, aniambie nisilitaje jina langu ndani ya nyumba yake. Alifumba macho, machozi yakamtoka pembeni, akauliza lini, nikamwambia. Alihesabu. Halafu akautafuta mkono wangu juu ya shuka.

"Umefanya vizuri, mwanangu," akasema. "Ungeniambia, ningekufa."

Basi! Neno moja, bila hata kupandisha sauti. Msamaha ambao Ami aliupigia pasi shati, akaupelekea mgongo wake mbele za watu, mimi nilipewa kitandani bila kuuomba. Niliutoa mkono wangu. Nikamuuliza, "Na Ami, yeye alifanya nini?"

Baba aligeukia ukutani. "Yule alikuwa kaka yangu," alisema, na hajawahi kuongeza neno.

Siku hizi amezeeka, analia ovyo. Kila Julai ananiuliza kama Ami hakuacha kitu, japo salamu, japo kikaratasi. Namwambia hakuacha. Na sponji ipo kwangu, nyuma ya makoti yangu. Mama, Mungu amrehemu, aliamini naificha kwa huruma, kama Ami alivyoficha. Hapana. Ami alificha kwa huruma. Mimi naificha kwa sababu nikimwonyesha, ataikumbatia na kuililia, na atajisikia amepatana na ndugu yake. Na mimi sitaki apatane naye kirahisi hivyo.