Haya, Nenda, Usichelewe

Kinanda ndicho kilichonishtua. Juzi nilikuwa saluni nasukwa, kichwa kimeinamishwa, nikasikia kinanda kile cha filamu zetu, kile kinachoanza kulia kabla waigizaji hawajalia. Televisheni ilikuwa imetundikwa ukutani nyuma yangu, lakini sikuhitaji kugeuka. Nilijua ni filamu ipi. Jina lake silitaji, maana sitaki kuiongezea mtazamaji hata mmoja. Nitawaambia tu kwamba ni ya mapenzi ya wanafunzi wa sekondari, eti ya kuchekesha, na kwamba ilirekodiwa kwetu Karagwe nikiwa darasa la tatu, wakati shule zimefungwa.

Nasema kwetu, ingawa hatukuwa wa huko. Baba alikuwa afisa mifugo aliyehamishiwa Karagwe kutoka Singida. Tulipanga nyumba Bugene, na ndani ya nyumba tuliongea Kiswahili kitupu. Kinyambo, lugha ya wenyeji, chetu kiliishia kwenye salamu. Aliyenilea alikuwa Dada Advera, binti wa kijiji cha Nkwenda, ambaye aliacha shule akiwa kidato cha tatu baada ya baba yake kufariki. Kila asubuhi alinisindikiza hadi kwenye geti la shule, akanifunga kifungo cha juu cha sweta, akasema, "Ninkwenda." Nami nikamjibu, "Haya, nenda." Nilimwona ni mtu mwenye adabu, hawezi kuondoka bila kuaga. Tatizo lake, nilivyoona mimi, alikuwa anameza silabi anapoongea Kiswahili, na kwa wema wangu sikuwahi kumsahihisha.

Basi wakaja wasanii. Nilizoea kuwaona kwenye makasha ya CD, nikadhani watu wa namna ile hawashikwi na vumbi. Walishuka kwenye gari wakiwa wekundu kwa vumbi kama sisi, ila wao walilalamika. Shujaa wa filamu, ambaye tuliambiwa ni mvulana wa kidato cha nne, alitanguliwa na kitambi. Vifungo vya shati lake jeupe la shule vilikuwa vimeshika kwa huruma ya Mungu, na ndevu alizonyoa asubuhi zilikuwa zimesharudi ilipofika saa sita. Mpenzi wake, mwanafunzi mwenzake, alikuja na nywele za kubandika zilizofika kiunoni, katika wilaya ambayo wasichana wa shule wananyolewa mpaka unaona umbo la fuvu. Alivaa viatu virefu kwenye udongo wetu baada ya mvua, ikawa kila wanapotaka kurekodi lazima kwanza ang'olewe kama muhogo.

Mkuu wa shule aliigizwa na mchekeshaji ambaye ucheshi wake wote ulikuwa ni kuvuta suruali hadi kifuani. Akimaliza hapo, alibandikwa masharubu akawa mlinzi wa geti wa shule hiyohiyo, na mkanda alisahau kuushusha. Mchana walipikiwa ndizi na maharage, wakala wamenuna, wakiulizana kama huku dunia imekosa viazi vya chipsi. Wahenga walisema ukiona vyaelea, vimeundwa. Hii haikuundwa. Ilisukumwa tu majini, wakakaa kungoja kuona kama itaelea.

Sasa, walihitaji msichana wa mahali pale ampende yule mkongwe halafu akataliwe, ili tuelewe jinsi anavyogombewa. Mwongozaji, mwanaume aliyevaa miwani myeusi hata ndani ya nyumba, alimwona Advera dukani akasema huyu anafaa. Akampa sentensi moja.

Sentensi moja, lakini nyumbani kwetu hapakukalika. Advera alitoa kutoka chini ya begi lake sketi yake ya zamani ya shule, akaifua, akapuliza pasi ya mkaa na kunyoosha rinda moja baada ya jingine huku mimi nikisaidia kunyunyiza maji. Umaarufu haukumsumbua. Mama yake alilia sana siku ile alipoivua sare, na yeye alitaka kitu kimoja tu: mama amwone tena ameivaa, hata kama ni kwenye filamu. Alishamtumia salamu Nkwenda kwamba ajiandae.

Siku ya kurekodi nilisimama pembeni nimeshika ndala zake. Mwongozaji alimwambia, "Mwambie unampenda. Tena sema kwa kilugha chenu, italeta ladha." Shujaa alitakiwa kujibu kwamba moyo wake una mwenyewe. Ni maneno machache, ila hakuwa amejisumbua kuyasoma. Aliongea na simu hadi dakika ya mwisho, akaitia mfukoni kamera inawaka. Advera alisimama chini ya mkalitusi, akanyanyua uso.

"Ninkwenda," akasema.

Shujaa alimtazama, akapepesa macho, akatafuta kichwani asipate kitu.

"Haya, nenda," akajibu. "Usichelewe."

Mwongozaji, ambaye macho yake yalikuwa kwenye mawingu ya mvua, akasema safi, tunasonga mbele. Hakuna aliyeshtuka. Hata mimi niliona yule mzee kajibu vizuri, kwa sababu ndivyo nami ningejibu. Ni Advera peke yake aliyebaki amesimama palepale.

"Kaka, samahani," alisema, "mimi sijamwambia kwamba—"

"Dada, wewe umeshamaliza. Kakae pale."

Akaja, akachukua ndala zake mikononi mwangu. Njia nzima ya kurudi nyumbani alitembea polepole, nikadhani viatu vya shule vimembana.

Filamu ilipotoka, banda la video la Nkwenda liliionyesha siku ya gulio, mchana, na Advera akaomba ruhusa twende wote. Banda lilikuwa la mabati, limejaa wauza ndizi na wanunuzi wa kahawa, jenereta linanguruma nje. Mama yake alivaa kitenge kipya na kukaa benchi la mbele. Shujaa alipotokea kwa mara ya kwanza, mama yule alimwinamia binti yake akauliza, "Na huyu mzee ni mwalimu wao?" Advera akasema hapana, ni mwanafunzi. Mama akatikisa kichwa, akasema maskini, amerudia madarasa mengi.

Halafu mkalitusi ukatokea, na Advera chini yake. Mama alishika mkono wa binti yake. "Ninkwenda," akasema Advera wa kwenye kioo. "Haya, nenda. Usichelewe."

Banda likalipuka. Watu walicheka hadi benchi likaanguka. Mwanaume mmoja alisimama akaikemea televisheni, "We bwana, mtoto wa watu amekwambia anakupenda! Unamwambia aende wapi?" Mwanamke wa nyuma akadakia, "Aende Nkwenda, si ndiko tuliko." Ikawa kicheko juu ya kicheko, na yaliyofuata kwenye filamu hayakusikika tena, jambo ambalo kwa kweli lilikuwa bahati.

Mimi nilikuwa nimeduwaa. Nikamvuta kitenge mama yake Advera nikamuuliza, "Wanacheka nini? Si kasema anakwenda?"

"Hakusema anakwenda, mwanangu," alinijibu. "Ninkwenda ni nakupenda. Kwani kwenu hamsemi?"

Nikamtazama Advera. Alikuwa ananitazama tayari, kisha akageuza uso ukutani.

Tulipotoka, vijana wa bodaboda walikuwa wakimngoja. "Advera, haya nenda, usichelewe!" Alicheka nao, kwa kuwa akinuna wangezidisha. Mama yake hakucheka. Alitusindikiza hadi barabarani akasema tu, "Sketi bado inakutosha." Hapo ndipo Advera alipofuta macho kwa kiganja.

Jumatatu alinifikisha getini kama kawaida. Akanifunga kifungo cha sweta. Akasema, kwa Kiswahili kilichonyooka, "Mimi narudi nyumbani. Usipoteze daftari." Kesho yake vilevile. Wiki nzima alinizungumzia namna ile, kila silabi mahali pake, na ilinikera kuliko kipigo. Lile jitu lenye kitambi lilikuja kwetu siku chache, likala ndizi zetu kwa kununa, likaondoka na neno langu.

Ijumaa sikuingia getini. Alikuwa ameshafika kwenye kona ya duka la vifaa vya shule nilipopaza sauti, mbele ya wenzangu wote na mwalimu wa zamu, "Dada Advera! Ninkwenda!"

Alisimama. Akageuka polepole, kikapu mkononi.

"Haya, nenda," akasema. "Usichelewe."

Akaenda zake, mabega yakimtikisika. Sikujua anacheka au analia. Niliingia darasani nimevimba, nimemwambia mtu jambo kubwa namna ile naye kanijibu kama yule mkongwe, na siku nzima sikusikia hata mwalimu alichofundisha.

Ilinichukua miaka mingi kuelewa kwamba hakunijibu kama yule. Alinijibu kama mimi. Asubuhi zote zile alizoniambia ananipenda, "haya, nenda" ndilo lililokuwa jibu lake kutoka kwangu, na alilichukua, akarudi nalo nyumbani kufua na kupika, hakuwahi kudai jingine. Siku ile alinirudishia lilelile, kwa sababu ndilo tulilokuwa nalo.

Pale saluni msusi wangu aliinua macho kwenye televisheni akacheka. "Huyu dada naye," akasema, "katokea mara moja tu, tena kuaga." Nikamwomba azime, kinanda kinaniumiza kichwa.

Advera siku hizi ana duka la vitenge Nkwenda, mkabala na lilipokuwa banda lile. Jioni ile nilimpigia nikamwambia wanaonyesha tena ile takataka. Akacheka sana, akaniuliza kama yule mwanafunzi ameshamaliza shule. Tukaongea ya watoto, ya mvua, ya mama yake na magoti yake.

"Ninkwenda," akasema mwishoni.

"Haya, nenda," nikamjibu.

Na kama kawaida yetu, hakuna aliyekata simu.